Mwaija na Ndege wa Mlima Mmoja

Mwaija Zaidi alichapwa viboko vinne akiwa darasa la nne, na aliyemchongea ni mimi. Nilikuwa kiranja katika shule ya kitongoji chetu cha Kwemkuyu, juu ya mlima Lutindi, na viranja tulikabidhiwa jukumu zito la kuandika majina ya wapiga kelele kila mwalimu alipotoka kwenda kuvuta sigara. Siku hiyo darasa lilikuwa kimya kabisa. Nje, kwenye ukingo wa msitu, ndege aliimba sauti tatu za kushuka, akanyamaza kidogo, kisha akapandisha ya nne kama mtu anayeuliza swali. Mwaija alikuwa ameinamia hesabu zake. Bila kuinua kichwa akamjibu kwa mluzi. Ndege akauliza tena, Mwaija akajibu tena. Nikaliandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu hakuamini kwamba ni msichana. Kwa tahadhari aliwachapa kwanza wavulana watatu wa dawati la nyuma. Halafu akampa Mwaija viwili vya mluzi na viwili vya kuwa msichana. Wakati ule mwanamke anayepiga mluzi alisemekana anaita nyoka. Nimeishi mlimani miaka hamsini na minane, na nyoka wote niliowaona walikuja kwa hiari yao, lakini imani ya watu haingoji ushahidi.

Ndege yule sisi tulimwita kamluzi. Wanaomjua husema ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, mgongo una rangi ya majani makavu, kifua njano iliyofifia kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Hali mahindi, na mwenyewe haliki, hana nyama ya kutosha kijiko. Kwa sababu hizo mbili hakuna mtu aliyemjali, na akaishi kwa amani kwa muda mrefu sana.

Mwaija alikua, akaolewa na Ramadhan, mwanamume wa Kabuku mwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Segera kwenda Chalinze. Ilisemwa kwamba amepata bahati, maana Kabuku kuna magari na watu, na huku kwetu kuna ukungu. Akashuka na bahati yake. Kazi yake ikawa kukimbilia madirisha ya mabasi na beseni la machungwa, kwenye jua ambalo mtu wa mlimani hulifahamu kwa kusimuliwa tu. Wiki ya kwanza alipiga mluzi akifua. Mama mkwe akatoka nje, akauliza kama kwao walimfunza adabu au walimfunza kuita nyoka. Mwaija akaacha. Aliacha kwa miaka kumi na moja. Hata hivyo hakukuwa na wa kumjibu. Ndege wa pale ni kunguru, na kunguru hana maswali.

Mwaka wa kumi na mbili Ramadhan alimpa talaka kwa ujumbe wa simu, wenye makosa mawili ya tahajia, akiwa umbali wa hatua thelathini, kibandani. Mwaija aliniambia hilo la hatua thelathini ndilo lililomuuma. Mtu aliyekuwa akipiga kelele kutwa nzima kuita wateja alishindwa kutembea kidogo aseme neno moja. Akamchukua binti yake Husna, akarudi mlimani kwenye shamba la marehemu baba yake, lile linalogusana na msitu, akapanda iliki chini ya kivuli cha miti. Asubuhi ya kwanza kamluzi aliuliza swali lake. Husna anasema mama yake aliweka jembe chini, akafuta midomo kwa ncha ya khanga, akajaribu mara tatu mluzi ukakataa. Mara ya nne ukatoka.

Kufikia wakati huo mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji, kazi inayofanana sana na ukiranja ila hii ina muhuri. Kwa hiyo upuuzi mwingi nitakaousimulia kuanzia hapa umepita mezani kwangu.

Mwaka mmoja kabla ya korona walikuja wataalamu. Kiongozi wao alikuwa Dokta Dennis, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vya gharama na malengelenge ya viwango vyote. Alinieleza kwamba zamani mmisionari mmoja alipeleka Ulaya ngozi ya ndege kutoka milima hii, ikajazwa pamba, ikawekwa kwenye droo, na tangu hapo hakuna mtaalamu aliyemwona ndege huyo akiwa hai. Walidhani ametoweka. Nilisikiliza kwa makini, nikagonga muhuri, nikawapa waongoza njia wawili waliobobea. Wote wawili ni binamu zangu. Ubobezi wao ulikuwa katika kuzungumza na wageni. Msitu waliuona mara chache, kwa mbali.

Siku tatu binamu zangu waliwazungusha wataalamu njia ileile mpaka nyasi zikalala. Siku ya nne walitokea juu ya shamba la Mwaija, wakawasha spika yao iliyokuwa na sauti ya ndege wa milima mingine, waliyemdhania kuwa ndugu wa kamluzi. Mwaija alikuwa akichuma iliki, na Husna akipika maharage kwenye mafiga pembeni.

"Shikamoo, mama," alisema Dokta Dennis.

"Marahaba. Mnamtafuta nani kwa makelele hayo?"

Akamwonyesha picha ya ile ngozi. Mwaija aliitazama kwa huruma, kama mtu anayeonyeshwa picha ya jirani akiwa maiti.

"Huyu ni kamluzi. Nyinyi mnampigia kelele za mtu mwingine, ndiyo maana haji. Zima hiyo."

Wakazima. Mwaija akapiga mluzi. Ndege akashuka kutoka juu ya miti, akatua kwenye tawi umbali wa mikono miwili kutoka kwenye kofia ya Dokta Dennis, akauliza swali. Mtaalamu wa watu alikaa chini kwenye matope, akalia. Vijana wake wakawasha kinasa sauti, na kwa karibu nusu saa Mwaija na ndege wakajibizana.

"Mama, unajua ndege huyu hayupo popote duniani isipokuwa mlima huu?" alisema Dokta Dennis alipotulia.

"Huko kwingine kumemkosea nini?"

"Hawezi kufika. Msitu huu ni kama kisiwa. Pande zote huko chini ni mkonge, barabara na mashamba. Hawezi kuvuka joto lile. Mababu zake walibakia hapa, wakawa tofauti na ndugu zao wote."

Mwaija aliliangalia bonde, kule Korogwe inakong'aa mabati yake. "Mimi nilivuka mpaka Kabuku," alisema. "Mwambie hajakosa kitu."

Habari zikaenda duniani. Kamluzi akapewa jina la kitaalamu lenye maneno mawili. La pili ni la mama mmoja wa ng'ambo aliyefadhili safari, ambaye nimeambiwa anaogopa kupanda milima. Sauti ya kamluzi ikasikilizwa na mabingwa, na mmoja wao akaandika kwenye jarida kwamba ni sauti yenye upweke wa kiumbe wa mwisho wa aina yake. Ripoti ikaletwa ofisini kwangu, kurasa sitini na nne. Binamu zangu walitajwa kwa majina kamili. Mwaija alikuwa ukurasa wa hamsini na nane, kama "mwanajamii mmoja".

Ikafuata warsha ya wadau, hotelini Korogwe mjini. Barua ya mwaliko ilitaka viongozi, kwa hiyo nilikwenda mimi, na mwenyekiti, na diwani, na watu wengine ambao wangemtambua kamluzi kama angekuwa na bango shingoni. Tulikula kuku siku mbili. Mtaalamu mmoja alitueleza, na alisema kweli, kwamba kuwapigia ndege sauti zao kila mara kunawachosha na kuwafukuza kwenye viota. Tulitikisa vichwa kwa uchungu mkubwa. Ikaundwa kamati, mimi katibu. Kamati ikatunga sheria ndogo: mita mia moja kuanzia ukingo wa msitu zisilimwe wala kuvunwa chochote, na tukaongeza vipengele vingine, kwa kuwa chakula cha mchana kilichelewa.

Barua ya Mwaija niliipeleka mwenyewe. Nilimkuta anachambua iliki kwenye ungo.

"Karibu, Mtendaji. Kaa."

"Sikai sana, Mama Husna. Nimeleta barua."

"Isome wewe. Miwani yangu imevunjika mkono."

Nikasoma. Theluthi mbili ya shamba la iliki ilikuwa ndani ya zile mita mia. Nilipofika mwisho aliinua kidole.

"Rudia kipengele cha tano."

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kuiga sauti ya ndege husika ndani au karibu na msitu, ili kuepusha usumbufu."

"Mtu yeyote. Hapa kijijini wako wangapi wanaoweza?"

Nilitazama paa lake. Lilikuwa paa la kawaida. "Sheria haitaji jina la mtu," nilisema.

"Ni kweli. Safari hii hukuandika jina. Umekua, Isaka."

Akaendelea kuchambua iliki. Nilikunja barua nyingine zilizobaki, nikaondoka, na njiani nilijieleza kwa ufasaha sana jinsi maslahi ya taifa yanavyozidi ya mtu mmoja. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyepinga.

Msimu ule Mwaija alishuka Korogwe kumwambia Manjula, mwenye duka la viungo aliyenunua iliki zake miaka mingi, kwamba safari hii hana mzigo.

"Umepatwa na nini, dada?"

"Ndege."

"Ndege wanakula iliki siku hizi?"

"Hawali. Wanaokula ni watu wa kamati."

Manjula hakuelewa, ila alimfungia chai ya nyumbani kwao kwenye karatasi, akamwambia dukani kwake jina lake halifutwi. Mwaija alirudi mlimani na ile chai. Husna aliniambia baadaye kwamba mama yake alihamisha kigoda, akawa anakaa mlangoni akiutazama upande wa barabara, mgongo kwa msitu. Asubuhi kamluzi alikuja kwenye mti wa kwanza wa ukingo, akauliza, akasubiri, akauliza. Baada ya majuma kadhaa hakuja tena karibu. Mwaija hakulia wala kulalamika. Alikuwa tu akisema mara kwa mara kwamba maharage ya mwaka huo hayana ladha.

Kisha tukaletewa barua kwamba wafadhili watakuja kumwona ndege, wakiongozana na mgeni rasmi kutoka mkoani. Kijiji kilipagawa. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, na mti mmoja kwa bahati mbaya. Tulisimamisha mahema matatu kwenye ukingo wa msitu, ndani ya zile mita mia ambamo Mwaija haruhusiwi kuchuma iliki, tukaweka viti vya plastiki mia mbili na jenereta. Kutoka Kwamndolwa tulikodi fundi mitambo na spika mbili zenye urefu wa mtu. Yote hayo ili tumwonyeshe mgeni ndege anayesumbuliwa na kelele.

Wanawake walipangiwa kupika pilau, na Mwaija akiwemo. Iliki za pilau ile tulizinunua dukani kwa Manjula.

Saa tatu asubuhi wageni walifika. Kwaya ikaimba, wanafunzi wakaghani, diwani akahutubia. Mgeni rasmi akaomba sasa amsikie ndege. Tukanyamaza. Jenereta haikunyamaza. Ndege hakuwa amesoma ratiba. Tukakaa nusu saa, saa nzima. Mfadhili mmoja mzee alianza kusinzia. Dokta Dennis, jasho likimtoka, akapendekeza angalau wageni wasikie ile sauti maarufu iliyonaswa siku ile ya ugunduzi, na akampa fundi mitambo kompyuta yake.

Sauti ikatoka kwenye spika zile kubwa, ikajaa mlima: tatu za kushuka, kimya, ya nne ikiuliza. Ilikuwa nzuri kwa kweli. Mfadhili mzee aliamka, akashika kifua. Mgeni rasmi alifumba macho. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema huo ndio upweke wenyewe. Ikaimba mara ya pili na ya tatu. Fundi mitambo, ambaye wakati huo alikuwa ameletewa soda, hakuizima mahali alipoambiwa aizime, na mwisho wa wimbo wa nne spika zikasema, kwa sauti ya mwanamke, safi kabisa:

"Husna, usiache maharage yaungue."

Hakuna aliyecheka. Watu mia mbili walikuwa wakijaribu kuelewa ndege amesema nini. Dokta Dennis alisimama katikati ya hema mdomo wazi, na nikaona uso wake ukihesabu: jarida, mabingwa, ukurasa wa kiumbe wa mwisho wa aina yake. Kati ya wale wawili waliojibizana siku ile, vijana wake walipoihariri sauti walikuwa wamemkata ndege na kumbakiza Mwaija.

Mwaija akatoka nyuma ya masufuria na mwiko mkononi.

"Huyo ni mimi," alisema. "Ndege mwenyewe ya mwisho anaipandisha juu zaidi. Mimi siku ile nilikuwa na mafua."

Mgeni rasmi alimgeukia Dokta Dennis. "Ni kweli?"

Namheshimu kijana yule kwa alichojibu. Angeweza kulaumu mitambo. "Nadhani ni kweli," alisema. "Nilikosea. Na huyu mama ndiye aliyenionyesha ndege. Bila yeye nisingempata."

"Basi mama, tuitie," alisema mgeni rasmi.

"Siwezi, mheshimiwa. Kuna sheria."

"Sheria gani hiyo?"

Mwaija akanielekezea mwiko. Ilinibidi nisimame mbele ya watu wote nisome kipengele cha tano, na baada ya hapo, kwa kuwa mgeni rasmi aliuliza, nisome na habari ya mita mia, hali tumekaa ndani yake na jenereta. Nimewahi kuumwa malaria kali mara mbili. Zote mbili zilikuwa afadhali.

"Nani aliandika hii?" aliuliza mgeni rasmi.

"Kamati," nilisema, ambalo ni neno zuri sana siku za shida.

"Ibatilishwe. Mama, tafadhali endelea."

Mwaija hakuendelea. "Mimi nilizuiwa kwa maandishi, mheshimiwa. Niruhusiwe kwa maandishi. Na shamba langu liwemo."

Basi niliandika, kwa kalamu ya kuazima, nyuma ya karatasi ya ratiba, kwamba Mwaija binti Zaidi arudishiwe haki ya kuvuna iliki zake na kupiga mluzi wake. Mgeni rasmi akatia sahihi. Muhuri nilikuwa nao mfukoni, huwa siuachi. Mwaija aliichukua karatasi, akampa Husna aisome kwa sauti, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Halafu akasema jenereta izimwe, watu wavue kofia zenye rangi kali, na diwani aache kutafuna.

Akauendea msitu hatua kama ishirini, akapiga mluzi. Kimya. Akarudia. Niliona mabega yake yakishuka, nikajua hafikirii wageni hata kidogo. Anafikiria zile asubuhi alizokaa kimya, mgongo kwa msitu. Mara ya tatu, kutoka mbali, ndani kabisa, jibu likaja. Lilikuja tena karibu zaidi. Kisha likaja la pili, la ndege mwingine, upande wa kushoto. Mwaija alisimama pale akiwajibu kwa zamu, mwiko umening'inia mkononi, na nyuma yetu pilau ikaungua.

Mambo yalinyooka kwa kiasi cha mambo ya kwetu. Sheria iliandikwa upya, na wanaoishi ukingoni ndio waliowekwa kwenye kamati. Dokta Dennis aliwaandikia wale mabingwa barua ya kusahihisha, jambo lililomgharimu kicheko cha wenzake, na siku hizi akija hufikia kwa Mwaija, si ofisini kwangu. Ripoti mpya imemtaja Mwaija kwa jina, ukurasa wa kwanza. Imeandika "Mwajuma". Yeye huwaongoza wageni wawili wawili, asubuhi tu, na miezi ya kutaga hampeleki mtu hata akija na barua ya nani. Husna amekwenda kusomea mambo ya wanyamapori, na shuleni pale wasichana wa darasa la nne wanapiga mluzi mpaka mwalimu anaziba masikio.

Mimi nilistaafu mwaka jana. Siku moja nilimwendea Mwaija, nikamwambia ukweli ambao katibu wa kamati ya kamluzi hapaswi kuwa nao: sijawahi kumwona ndege mwenyewe. Hakunicheka. Alisema nije kesho yake alfajiri, bila simu. Tulipanda kimya mpaka suruali yangu ikalowa umande. Mbele yetu, kwenye tawi la chini, akatua ndege mdogo, mweusi mweusi kwenye ukungu wa alfajiri, akainua kichwa, akaimba. Nilivua kofia. Nakiri macho yalinijaa machozi. Nilifikiria maisha yangu yote, muhuri, na viboko vinne.

"Mama Husna," nilinong'ona, "nashukuru."

"Huyo ni shore," alisema Mwaija. "Anakula mapapai nyuma ya choo chako kila siku. Vaa kofia yako, twende."